Mshairi Asiyetazamwa

Tusekile alijua fika kwamba mwalimu wa sekondari mwenye akili zake timamu hapandi basi kutoka Iringa mpaka Mbeya, Jumamosi ya mvua, eti anakwenda kumsikiliza mzee mmoja akisoma mashairi. Alijua, na akapanda. Leokadia, mwalimu mwenzake waliyepanga naye nyumba moja kule Mlandege, alimsindikiza hadi stendi huku akimcheka njia nzima.

"Wewe umechumbiwa mwezi uliopita tu," Leokadia alisema. "Ng'ombe wa Sedekia wameshaingia kwa baba yako. Leo unamkimbilia mwanaume mwingine."

"Si mwanaume. Ni mshairi."

"Mshairi naye anavaa suruali, mwenzangu."

Tusekile alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Kwa miaka mitatu kitabu cha Mwanangosi kilikuwa kinalala chini ya mto wake. Jina hilo lilikuwa la kujipachika, la kweli hakuna aliyelijua. Mtu huyo alikuwa amezichukua hadithi za Wagiriki wa kale, za kabla hata ya Injili, akazileta huku kwetu zikakaa kana kwamba zilizaliwa huku. Baharia aliyechelewa kurudi kwake amekuwa mchunga ng'ombe aliyepotea na mifugo yake katika mbuga za Usangu. Mke wake, anayesuka mchana na kufumua usiku ili kuwachelewesha wachumba, anasuka mikeka. Na mpiga kinubi aliyemfuata mkewe kwa wafu anapiga zeze, na njia yake ya kushukia kuzimu ni Ziwa Ngosi, kule juu msituni, ambako maji yake ya kijani hakuna ajuaye yanaishia wapi. Hilo ndilo shairi ambalo Tusekile alikuwa halisomi darasani, maana kila alipolifikia sauti ilimkatika mbele ya wanafunzi.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa inapiga bati, watu wanabanana kwenye mabenchi, makoti yananuka unyevu. Tusekile alipenya mpaka benchi la mbele.

Mzee alipanda jukwaani taratibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti lililomzidi mabega na kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi. Karatasi aliisogeza karibu mno, nusura igusane na pua.

"Hadithi hii si yangu," alianza. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini mvua yote ile haikuweza kuimeza. "Ni ya Wagiriki. Mpiga zeze kafiwa na mke, kamfuata hukohuko kwa wafu. Wakubwa wa kule wameupenda wimbo wake, wamemwambia, haya, mchukue, atakuja nyuma yako. Ila usigeuke kumtazama mpaka mfike juu kwenye jua. Wagiriki wanasema aligeuka, na tangu siku hiyo watu wanamlaumu. Lakini sisi wa huku tunajua kitu. Tunajua yupo mtu ambaye heshima yake ni kutomtazama."

Kila Mnyakyusa aliyekuwa mle alielewa mara moja kwamba mzee anasema habari ya mkwe. Kwao, binti akishatolewa ng'ombe, tangu siku wale ng'ombe wanapokanyaga uani kwa baba yake, hatakiwi kuuona uso wa baba mkwe wake, wala kumsemesha, wala kulitaja jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani. Mama yake Tusekile alikaa na baba mkwe boma moja miaka mingi, na siku alipouona uso wake alikuwa ndani ya jeneza. Dini ilikuja, shule zikaja, lakini jambo hili wazee walilishika vilevile.

Tusekile mwenyewe sasa alikuwa na wake wa kumkwepa. Sedekia alikuwa amemwambia tu kwamba baba yake anaitwa Mika, ni karani aliyestaafu wa shamba la tumbaku, mtu wa nyumbani asiyependa mikutano. Tusekile aliona ana bahati, atakwepana na mzee mtaratibu.

Mzee jukwaani akaanza kughani.

"*Nyayo zako nasikia, nyuma yangu zinapanda,*
*Baridi yanipitia, ukungu wafunga kanda,*
*Macho nimeyazuia, moyo ndio wanishinda…*"

Akanyamaza. Akaisogeza karatasi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapangusa macho kwa mkono wa koti. Watu walidhani amezidiwa na uchungu. Tusekile, aliyekuwa karibu, aliona kwamba mzee haoni maandishi. Kabla hajajishauri akajikuta amesimama, na mdomo wake wenyewe unaumalizia ubeti.

"*Sema neno nisikie, nipande nisigeuke.*"

Hakuishia hapo. Alisema ubeti uliofuata, na mwingine, na mwingine, bila karatasi, mpaka mpiga zeze alipoona jua juu ya ukingo wa ziwa. Safari hii sauti haikumkatika. Mzee alikuwa ameteremsha karatasi, ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikia habari za nyumbani baada ya miaka mingi. Tusekile alipomaliza, benchi la mbele lilianza kupiga makofi. Halafu walipiga wote pamoja, na mvua ikawa haisikiki tena.

Baadaye, watu wakiwa wanasogelea chai, mzee alishuka akiwa anapapasa migongo ya mabenchi. "Yuko wapi aliyemalizia?"

"Niko hapa, baba. Shikamoo." Tusekile alipiga magoti kidogo na kumpa mkono. Mzee aliupokea kwa mikono yake miwili, akausogeza uso wake karibu apate kumwona. Macho yake yalikuwa na utando, lakini yalikuwa na upole ambao Tusekile alikuwa ameukuta zamani katika kila ukurasa. Hakuweza kuacha kuyatazama. Alijiona amesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

"Marahaba, mwanangu. Macho yangu yananiaga," mzee alisema. "Wananiita Songea, wananiita Iringa, mpaka Dar es Salaam wananitaka, nami siwezi tena kusoma. Nimejaribu watu. Wanasoma kama wanatangaza msiba. Leo nimesikia sauti ambayo hilo shairi lilikuwa linaitafuta. Njoo uwe unasoma wewe. Mimi nitakaa pembeni nasikiliza. Na yaliyomo kichwani bado, nitakusemea, utaandika."

"Mimi, baba?"

"Nani tena?"

Tusekile akauliza la kwanza lililomjia. "Hadithi hizi ulizipata wapi?"

"Kwenye tumbaku," mzee alicheka. "Nilikuwa karani katika shamba la Mgiriki mmoja, Iringa. Jioni, majani yakishapangwa, ananisimulia. Akifika pale yule bwana anapogeuka, Mgiriki analia. Nikajiuliza, mtu mzima na mashamba yake yote haya, analilia nini? Nimeandika miaka yote hii kumjibu."

Karani, shamba la tumbaku. Mtu aliyetulia angeshtuka hapo. Tusekile hakuwa ametulia hata kidogo, alikuwa anajiona tayari yuko jukwaani Songea.

"Baba."

Aliyeita alikuwa mlangoni, amelowa, kofia mkononi. Tusekile aligeuka akamwona Sedekia wake, na kwa furaha hakuuliza kafuata nini. Sedekia kwa kazi ni fundi wa mifereji ya mpunga kule Ubaruku, na wiki ile alikuwa amesema hatapata nafasi. Tusekile akatabasamu. Sedekia hakutabasamu.

"Baba, mwachie mkono," alisema. "Huyo ni Tusekile."

Mzee aliuachia mkono kama ameshika sufuria la moto. Alivuta kofia ikafunika uso mzima, akageukia ukutani. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemshika mkwe."

Wanawake waliokuwa kwenye chai waliweka mikono midomoni. Tusekile alijifunika kitenge usoni, amechelewa, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Sedekia alimkuta chini ya upenu wa ukumbi, mvua inawachuruzikia miguuni.

"Ulijua," Tusekile alisema.

"Nilijua."

"Miaka miwili nakusomea mashairi ya baba yako mwenyewe. Unakaa pale unatabasamu."

"Sikuwa natabasamu, Tuse. Nilikuwa nauma meno."

"Kwa nini hukuniambia?"

Sedekia aliikamua kofia yake, maji yakatoka. "Ningekuambia nini? Kwamba Mwanangosi ni baba? Sasa fikiria na wewe. Ungekataa ng'ombe wangu, upate kwenda kumsikiliza kila anaposoma. Ama ungenikubali ili uwe karibu naye, halafu ukishanikubali ndiyo basi, humwoni tena. Kote huko mimi sipo. Kuna baba tu. Tangu utoto nyumbani kwetu watu wanakuja kumtazama baba. Nilitaka mtu mmoja anipende mimi, bila shairi."

"Umeninyima kuchagua."

"Ndiyo. Nimekukosea, nakiri. Nimekuja leo kumchukua mzee kwa sababu haoni njia, sikujua upo." Aliivaa kofia. "Nimesikia alichokuambia. Nilikuwa mlangoni wakati unaghani. Sijawahi kumwona baba hivyo. Ukitaka kwenda naye, nenda. Sitaomba chochote."

Tusekile alitaka kumkasirikia hasira inayoeleweka, akaikosa. Alimkumbuka siku ya kwanza kule Ubaruku, amesimama ndani ya mfereji maji yakimfika magotini, anamwonesha namna maji yanavyofuata mteremko aliouchonga yeye. Alikuwa amesema, "Tazama, sasa yanaenda yenyewe," kwa furaha ya mtoto, na Tusekile alimpenda palepale bila mtu yeyote kumghania chochote. Mapenzi hayo yalikuwepo bado. Na sauti ya yule mzee ilikuwepo pia, tena ilikuwa imemjaa kifua kizima. Alipita mbele ya Sedekia bila kumuaga, akaenda kutafuta gari la Kiwira, nyumbani kwao.

Habari ilifika kwao kabla yake. Jumapili baada ya ibada, baba yake, Mzee Andendekisye, alitandika mkeka uani. Shangazi Yudith alikuwa ameshakaa, na uso wake ulionesha kwamba hajalala.

"Kashikana mikono na mkwewe," shangazi alisema. "Ndani ya ukumbi wa kanisa. Wanatazamana machoni. Mimi tangu nizaliwe mambo haya sijayasikia."

"Hakujua, Yudith."

"Sasa anajua. Na bado anatazama njia."

Ni kweli Tusekile alikuwa anatazama njia. Baba yake aliliona hilo, akaongea polepole, kama kawaida yake. "Mwanangu, mzee Mika amenitumia mtu. Anakuja hapa jioni hii. Anasema kosa la jana ni lake, hakuuliza jina. Anasema pia, kama ng'ombe wakirudi, wewe si mkwe wake tena, ni mwalimu tu, na lile neno alilokuambia liko palepale. Utasoma mashairi yake mpaka atakapokufa. Kama ng'ombe hawarudi, mimi nitatoa ng'ombe mmoja wa kusafisha jambo, na yatakwisha. Lakini hutamwona tena."

"Mpaka jeneza," shangazi aliongeza.

"Baba, wewe unataka nini?"

"Mimi si wa kuulizwa, siyo mimi nitakayeishi huko. Mkeka ni huu. Akiingia akakukuta umekaa hapa, tumeelewa, ng'ombe watatoka leo. Akikuta umeingia ndani, tumeelewa vilevile. Hatutakuuliza sababu."

Tusekile akabaki peke yake kwenye mkeka. Mawingu yalikuwa yameteremka mpaka migombani na uwanja ulikuwa na matope ya jana. Tusekile alijiuliza maswali yaleyale, kisha akajiuliza tena. Ni watu wangapi wanaopewa nafasi ya kukaa miguuni pa mtu ambaye maneno yake yamewakuza? Angeyasoma mashairi yake Songea, angeyasoma Dar es Salaam. Angekuwa wa kwanza kuyasikia mashairi mapya, yakiwa bado ya moto. Alipofikiri hivyo miguu iligoma kabisa kuinuka. Wapo wanaume wengine duniani, alijiambia, lakini Mwanangosi ni mmoja. Aliyasema maneno hayo kimoyomoyo akiwa na hakika, na hakika hiyo ilidumu mpaka alipoinua macho.

Sedekia alikuwa amefika, amemtangulia baba yake. Hakuingia uani. Alisimama nje ya uzio, kwenye mibuni, na alikuwa amempa Tusekile mgongo. Mwanzoni Tusekile alidhani ni hasira. Halafu akaona namna alivyoshika tawi la mbuni kwa nguvu, na mabega yalivyokaza, akaelewa kwamba anajizuia. Angeweza kumtazama kwa macho yale anayoyajua Tusekile, macho ambayo yangemfanya ainuke bila kufikiri. Hakutaka kumvuta. Alikuwa anamwachia achague, lile alilomnyima jana na siku zote kabla ya jana.

Kikohozi kilisikika njiani, kwenye kona ya migomba. Kisha fimbo ikipapasa mawe.

"Anakuja," shangazi alisema kutoka jikoni. Hata yeye sauti ilikuwa imepungua.

Tusekile alimpenda yule mzee wakati ule kuliko siku zote za kitabu. Alitamani kumwona mara moja tu, ule uso wa karibu, yale macho yenye utando. Fimbo ilikuwa imefika kwenye uzio. Akainuka, akatembea mpaka ndani, akasukuma mlango ukafungika. Alikaa chini, mgongo ukutani, akalia bila kujificha, kwa sababu alichokiacha uani kilikuwa kikubwa kweli na hakutaka kujidanganya kwamba ni kidogo.

Nje alisikia mzee akisimama kwenye mkeka. Kisha kiganja kikaupapasa.

"Alikuwa amekaa hapa," mzee Mika alisema. "Mkeka una joto."

"Alikuwa amekaa," baba akajibu.

"Ameingia ndani?"

"Ameingia."

Nyuma ya uzio tawi la mbuni lilivunjika, na Tusekile akasikia Sedekia anacheka na kulia kwa pamoja. Mzee Mika hakucheka. Alipumua kwa nguvu, akavuta kigoda, na kwa namna sauti yake ilivyokuja Tusekile alijua kwamba amekaa akiupa ukuta mgongo, hatua chache tu kutoka alipokaa yeye.

"Nilikuwa nimepata msomaji," mzee alimwambia baba. "Usiku kucha nimekuwa nalalamika. Alfajiri nikajiambia, Mika, wewe ni mjinga. Msomaji angeyasoma yale ya kitabuni, ya Kiswahili, ya watu wote. Yapo mengine ya lugha yetu. Hayo sijamwandikia mtu, maana kwangu hakuna wa kuyasikiliza, wamenizoea. Kama katika boma langu patakuwa na nyumba yenye mtu anayesikiliza ukutani, basi nitakuwa nakaa nje ya ukuta wake."

Hakusubiri ajibiwe. Akaanza.

Ilikuwa hadithi ileile ya mpiga zeze, lakini kwa Kinyakyusa ilikuwa kitu kingine kabisa. Msitu ulikuwa ule ambao Tusekile alikwenda kuokota kuni na bibi yake. Maneno yalikuwa ya kitandani, ya mama, ya kubembelezea watoto. Safari hii aliyesema alikuwa mke, yule anayepanda nyuma, na alikuwa anasema mambo ambayo hakuna Mgiriki wala kitabu kilichowahi kumwachia ayaseme. Tusekile alisahau kulia. Alisikia jikoni shangazi Yudith ameacha kukoroga chungu, na baba, mtu asiyejua kustaajabu, anasema "Ee Bwana" polepole.

Ubeti ulipokwisha alifungua mdomo. Kumsemesha hakuruhusiwa, kulitaja jina lake hakuruhusiwa, basi akapiga vigelegele, virefu, mpaka pumzi ikamwisha.

Shangazi Yudith aliingia mbio, mwiko mkononi. "Wewe mtoto, mchumba hajipigii vigelegele mwenyewe."

"Sijipigii mimi, shangazi," Tusekile alisema. "Nampigia mshairi."

Nje, mzee alikohoa kidogo, akaanza ubeti wa pili.